Jinsi ya Kutambua Tofauti za Mihuri katika Sarafu Adimu za Fedha za Malkia Victoria: Mwongozo Kamili

Sarafu za fedha za enzi za Malkia Victoria zilipigwa kwa mashine. Kipande cha duara cha fedha kiliwekwa katikati ya mihuri miwili ya feleji, mmoja wenye sura ya Malkia na mwingine wenye thamani na mwaka, kisha mihuri hiyo ikakandamizwa kwa nguvu hadi fedha ikajaa katika kila mfinyo wake. Hapo ndipo inapotoka kanuni inayotawala kazi yote ya mwongozo huu: alama iliyokuwamo kwenye muhuri lazima ionekane kwenye kila sarafu iliyopigwa kwa muhuri huo tangu alama hiyo ilipotokea, ilhali alama inayoonekana kwenye sarafu moja peke yake ni sehemu ya maisha ya sarafu hiyo, haikutoka kwenye muhuri. Aliyeishika kanuni hii barabara anaweza kufanya uchunguzi wa maana hata akiwa hana katalogi mkononi. Aliyeikosa atanunua mikwaruzo kwa bei ya mihuri adimu.

Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao ni muhimu vilevile. Kilichochimbwa kwenye feleji huinuka kwenye fedha. Kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama uzi mwembamba ulioinuka, na mabaki ya tarakimu ya zamani iliyokuwa imechimbwa kwenye muhuri huonekana kama fedha iliyoinuka kando au ndani ya tarakimu mpya. Mkwaruzo uliopatikana mfukoni au sokoni, kinyume chake, ni mfereji uliozama. Swali la kwanza la kujiuliza kila unapoona jambo geni ni hili: je, limeinuka au limezama?

Kwa nini mihuri ya Victoria ilitofautiana

Katika Royal Mint, kiwanda cha kifalme cha sarafu kilichokuwa Tower Hill, London, sura ya Malkia ilianza na panchi kuu, yaani kipande cha feleji ngumu chenye sura iliyoinuka. Panchi hiyo ilikandamizwa kwenye vipande vya feleji laini ili kupata mihuri ya kazi, ambayo baadaye ilipashwa moto na kutoswa ili iwe migumu. Laiti kazi yote ingefanyika kwa panchi kuu peke yake, mihuri ingefanana kabisa. Lakini kwa sehemu kubwa ya enzi ile, hasa katika miaka ya sura ya ujana wa Malkia, tarakimu za mwisho za mwaka ziligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri, na herufi zilizotokea hafifu au kuchakaa zilirudiwa kwa panchi moja moja. Mkono wa fundi haurudii kitu mahali palepale kwa usahihi wa sehemu ya milimita, na ndiyo maana tarakimu hukaribia au huachana, husimama juu au chini, na mara nyingine panchi isiyo yake huchukuliwa.

Muhuri wa feleji ulihitaji kazi nyingi kabla haujawa tayari, kwa hiyo muhuri uliobaki bila kutumika mwaka ulipokwisha haukutupwa ovyo. Fundi alichukua panchi ya tarakimu mpya na kuigonga juu ya ile ya zamani. Sarafu zilizopigwa kwa mihuri ya namna hii ndizo zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji, na ndizo zinazodanganya zaidi.

Vifaa

Huhitaji maabara. Unahitaji lenzi ya kukuza mara kumi yenye kioo kizuri, mizani inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa ya kupimia kipenyo, taa moja inayoweza kusogezwa, kitambaa laini cha kutandika mezani, na simu au kamera inayoweza kupiga picha kwa karibu. Hadubini ndogo ya kuunganishwa na kompyuta inasaidia sana, ila haichukui nafasi ya lenzi, kwa sababu ukuzaji mkubwa mno hukuonyesha vishimo na vumbi na kukuficha umbo zima la tarakimu.

Shika sarafu kwa ukingo. Usiisugue, usiitie dawa ya kung'arishia, wala usiifute kwa kitambaa hata kama imeingia weusi, kwa maana weusi wa kawaida wa fedha hauzuii uchunguzi, ilhali msuguo hufuta alama ndogo unazozitafuta na kushusha thamani ya sarafu moja kwa moja. Grisi ikiwa imejaa kwenye tarakimu, sarafu inaweza kuloweshwa katika asetoni safi kisha ikaachwa ikauke yenyewe bila kuguswa, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali.

Hatua ya kwanza: hakikisha sarafu yenyewe ni halali

Hatua hii haina raha, na wengi huiruka ili wafike haraka kwenye tarakimu. Usiiruke, kwa sababu sarafu bandia iliyofinyangwa kutokana na sarafu halisi hunakili pia alama za muhuri wa ile halisi, na hivyo unaweza kupata alama zote sahihi kwenye kitu cha uongo.

Fedha ya Uingereza ya wakati huo ilikuwa na sehemu 925 za fedha halisi katika kila sehemu 1,000. Uzito wa sarafu mpya ulikuwa gramu 28.28 kwa krauni (sarafu ya shilingi tano), 14.14 kwa nusu krauni, 11.31 kwa florini (sarafu ya shilingi mbili), 5.65 kwa shilingi, 2.83 kwa sarafu ya peni sita na 1.41 kwa sarafu ya peni tatu. Sarafu iliyotumika sana hupungua uzito kidogo, na upungufu huo lazima ulingane na uchakavu unaouona kwa macho: sarafu iliyo nyepesi ilhali sura yake bado ni kali ina neno la kujibu. Shilingi ina kipenyo cha takriban milimita 23.5 na nusu krauni takriban milimita 32.

Baada ya uzito, pima msongamano. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa kuta wala chini. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba inayoonekana kwenye mizani. Nusu krauni ya gramu 14.14 inapaswa kuonyesha takriban 1.36 au 1.37, jambo linalotoa msongamano wa karibu 10.3 hadi 10.4. Kwa sarafu ndogo kosa dogo la mizani hukuzwa, hivyo rudia kipimo mara kadhaa kabla ya kuamua.

Tazama pia ukingo. Sarafu iliyofinyangwa huacha mshono au sehemu iliyopigwa tupa, na uwanja wake huwa na vishimo vya mapovu. Kuna mfano mmoja unaopaswa kujulikana na kila mkusanyaji: nusu krauni zenye miaka 1861, 1866, 1868 na 1871 si matoleo ya kiwanda hata kidogo. Utengenezaji wa nusu krauni za matumizi ulisimama baada ya 1850 na kurejea 1874, na vipande vyenye miaka hiyo minne ni bandia zilizotengenezwa kupita sokoni. Anayejua historia hiyo hahitaji lenzi.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki kuna tahadhari nyingine. Rupia ya India ilikuwa ndiyo pesa ya kawaida Unguja, Mombasa na bara lililofuata, hata baada ya Victoria kufariki, na ndiyo maana kipande cha fedha chenye sura yake kinachotoka kwenye sanduku la bibi mara nyingi huwa rupia. Rupia ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30 na nusu hivi, karibu sawa na florini, lakini upande wa pili imeandikwa ONE RUPEE. Nayo ina tofauti zake za mihuri, tena nyingi, ila hufuata mfumo mwingine kabisa ambao haumo katika mwongozo huu.

Hatua ya pili: weka sarafu katika kundi lake la sura

Sura za Malkia kwenye sarafu za fedha za matumizi ni tatu kwa ujumla. Sura ya ujana, kazi ya William Wyon, ilitumika tangu 1838 hadi 1887: nywele zimefungwa nyuma na hakuna ushungi. Sura ya jubilei, kazi ya Joseph Edgar Boehm, ilitumika 1887 hadi 1893, na inatambulika kwa taji dogo lililokaa juu ya ushungi. Sura ya uzee, kazi ya Thomas Brock, ilitumika 1893 hadi 1901, na ushungi wake unashuka hadi mabegani. Florini za kabla ya 1887 zina utaratibu wake, kwa kuwa juu yake Malkia amevaa taji tangu toleo la kwanza la 1849.

Ndani ya makundi hayo kuna matoleo ya sura yanayokaribiana. Shilingi za mwanzo za 1838 na 1839 zina herufi WW kwenye mkato wa shingo. Kuanzia 1839 herufi hizo zikaondolewa, hivyo mwaka huo una namna zote mbili. Mwaka 1867 sura ya shilingi ilibadilishwa tena, na 1879 ikabadilishwa mara nyingine. Miaka ya mpito kama 1839, 1867, 1879, 1887, 1889 na 1893 ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu mihuri ya zamani na mipya ilikutana.

Kagua pia mwelekeo wa pande mbili. Shika sarafu kwa vidole viwili juu na chini, kichwa kikiwa wima, kisha izungushe kama ukurasa wa kitabu. Kwenye fedha ya kabla ya 1887 upande wa pili hutokea kichwa chini. Kuanzia sura ya jubilei hutokea wima. Sarafu inayokwenda kinyume na utaratibu wa kundi lake inastahili kupimwa upya.

Hatua ya tatu: soma tarakimu za mwaka

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Weka taa iwe chini, mwanga ukipita karibu sambamba na uso wa sarafu, kisha zungusha sarafu polepole duara zima ukiitazama kwa lenzi. Mwanga unaotoka upande mmoja tu hudanganya, maana kivuli cha tarakimu huweza kuonekana kama tarakimu nyingine. Alama ya kweli hubaki mahali pake mwanga unapohama. Kivuli huhama pamoja na mwanga.

Mwaka 1848 ndio darasa bora kuliko miaka yote. Sarafu za peni sita, za peni nne na nusu krauni za mwaka huo zinajulikana zikiwa na 8 iliyogongwa juu ya 6 na pia juu ya 7, na shilingi inajulikana kwa 8 juu ya 6. Mtu anayejifunza huishia kuona kitu chochote kilichovimba na kukiita 6. Njia ya kuepuka kosa hilo ni kufikiri kwanza maumbo yanavyolaliana kabla ya kutazama.

Tarakimu 8 imebanwa katikati: pande zote mbili, kulia na kushoto, kuna kona iliyoingia ndani kwenye kiuno. Tarakimu 6 haina kiuno upande wa kushoto, kwa kuwa mgongo wake unashuka kwa mkunjo mmoja kutoka juu hadi chini. Basi 8 ikigongwa juu ya 6, mgongo wa 6 hubaki umejaza kona ile ya kiuno upande wa kushoto, na hapo ndipo pa kutazama kwanza. Mahali pa pili ni ndani ya tundu la juu la 8 na upande wake wa kulia, ambapo ncha ya 6 iliyopinda hukatiza au hutokeza. Chini hutarajii kuona kitu kikubwa, kwa sababu tumbo la 6 na tundu la chini la 8 hulaliana. Ukiona uvimbe chini peke yake na kiuno kikiwa safi, hilo si 6.

Tarakimu 7 ni habari nyingine. Ina kipande cha kulala juu na mguu unaoshuka kwa mshazari. Pembe mbili za kipande cha juu hutokeza nje ya duara la juu la 8, kushoto na kulia, na mguu huonekana ukipita ndani ya matundu. Alama za 7 ni za pembe kali; alama za 6 ni za mkunjo. Kama unachokiona hakina pembe wala mkunjo, bali ni donge tu, huenda ni kutu ya muhuri au uchafu uliokandamizwa, na haitoshi kulitaja.

Tumia fikra hiyohiyo kwa shilingi ya 1863 yenye 3 juu ya 1. Tarakimu 1 ni mguu wima wenye kitako, kwa hiyo mabaki yake yatafutwe kama mstari wima ulioinuka katika uwazi wa 3, na kitako chake chini. Vivyo hivyo kwa shilingi ya 1850 yenye 50 juu ya 46 au 49, moja ya sarafu ngumu kupatikana katika mfululizo wote wa shilingi. Kabla ya kuitazama, chora kwenye karatasi 0 juu ya 6 na 0 juu ya 9, ujue mapema kila moja ingeacha nini. Sarafu ya peni nne ya 1838 ina mfano wa kupendeza ambapo 8 ya mwisho imegongwa juu ya 8 nyingine iliyokuwa imelala ubavu. Alama zake hutokeza kulia na kushoto kwenye kiuno, pande zote mbili kwa usawa, jambo ambalo 6 haiwezi kulifanya.

Usisahau ukubwa na nafasi ya tarakimu. Nusu krauni ya 1849 ina mwaka wa tarakimu kubwa na mwaka wa tarakimu ndogo, na sarafu ya peni sita ya 1844 ina 44 kubwa na ndogo. Hizi hazihukumiwi kwa kutazama sarafu moja. Pima kimo cha tarakimu kwenye picha na ukilinganishe na kitu kisichobadilika, kwa mfano upana wa meno ya pembeni, yaani vijino vidogo vinavyozunguka ukingo wa uso wa sarafu.

Hatua ya nne: soma herufi moja moja

Soma maandishi ya duara herufi kwa herufi, usiyasome kama maneno. Jicho linalojua Kilatini cha sarafu hizi husahihisha makosa bila kujua. Shilingi ya 1866 inajulikana ikiwa na BBITANNIAR badala ya BRITANNIAR, na sarafu ya peni sita ya 1878 inajulikana ikiwa na DRITANNIAR. Makosa hayo yanawezekana kwa sababu herufi dhaifu zilirudiwa kwa panchi ya mkono. Shilingi ya 1857 nayo inajulikana kwa herufi G iliyogeuzwa katika vifupisho vya mwisho vya cheo cha Malkia.

Ugumu ni kwamba muhuri uliojaa grisi na vumbi la chuma hutoa makosa ya uongo. R iliyozibwa mguu huonekana P, E iliyozibwa mstari wa chini huonekana F, na A hupoteza mstari wake wa kati. Katika kuzibwa, mpaka wa sehemu iliyokosekana hufifia taratibu, na mara nyingi kitako cha mguu uliopotea bado kipo chini kama kidoto kilichojitenga. Katika kosa la panchi, herufi isiyo yake ni kamili, ina kingo kali na vitako vyake vyote. Chukua D ya 1878 kama kipimo: B iliyochakaa huonekana kama D kwa mbali, lakini ukikuza utaona bado ina kona iliyoingia ndani upande wa kulia katikati, ilhali D ya kweli ina mkunjo mmoja usiovunjika. Kwa A isiyo na mstari wa kati, angalia kama ni V iliyogeuzwa, kwa kulinganisha unene wa miguu yake na V ya VICTORIA kwenye sarafu hiyohiyo.

Sarafu za florini mbili za jubilei za 1888 na 1889, yaani sarafu za shilingi nne, zina muhuri ambao I ya pili ya VICTORIA ni tarakimu 1 iliyogeuzwa. Tafuta kinundu cha 1 kikiwa chini badala ya juu. Za 1887 nazo zina mwaka ulioandikwa kwa 1 ya kawaida na mwaka ulioanza kwa I ya Kirumi.

Hatua ya tano: tumia namba za mihuri

Kati ya 1864 na 1879 kiwanda kiliweka namba ndogo kwenye mihuri ya shilingi, peni sita na florini, jambo linaloaminika kuwa lilikusudiwa kufuatilia uimara wa mihuri. Kwenye shilingi na peni sita namba iko upande wa thamani, juu ya mwaka na chini ya shada. Kwenye florini iko upande wa kichwa, chini ya kiwiliwili.

Kwa mchunguzi namba hizi ni zawadi kubwa. Shilingi mbili za mwaka mmoja zenye namba ileile mara nyingi zimetoka kwenye muhuri mmoja wa upande wa thamani, hivyo unaweza kujifunza kwa sarafu za bei ndogo jinsi muhuri unavyojirudia. Shilingi za katikati ya miaka ya 1870 si ngumu kupata. Tafuta mbili zenye namba sawa, zipige picha kwa mwanga uleule, na ulinganishe nafasi ya kila tarakimu dhidi ya meno ya pembeni. Zoezi hili hufundisha jicho kuliko maelezo yoyote, na ningependa kila anayeanza alifanye kabla ya kununua sarafu adimu hata moja.

Wakati mwingine kukosekana kwa namba ndiko kunakoleta uadimu: sarafu ya peni sita ya 1866 isiyo na namba ni adimu. Kwa shilingi ya 1879 mambo yamegeuka, kwani yenye namba ndiyo ngumu zaidi kuipata. Kabla ya kusema namba haipo, hakikisha haijachakaa au kung'olewa. Uwanja ulioguswa na chombo hupoteza mng'ao wake wa asili, na mikwaruzo midogo huelekea upande mmoja.

Hatua ya sita: hesabu na upime mapambo

Tofauti nyingine hutokana na panchi kuu kubadilishwa, hivyo huonekana kwenye mihuri mingi kwa pamoja. Florini za maandishi ya Kigothi, zilizotolewa tangu 1851 zikiwa na mwaka kwa tarakimu za Kirumi, zina pindo la matao madogo kuzunguka sura. Yahesabu. Florini ya 1879 peke yake inajulikana kwa matao 48, 42 na 38, na ya 1887 ina namna yenye 46 na nyingine yenye chini ya 40. Weka alama kwenye picha iliyochapishwa unapohesabu, maana kuhesabu kwa macho matupu hupoteza moja au mawili kila mara. Angalia pia kama imeandikwa brit au britt, na kama herufi WW zipo.

Shilingi ya jubilei ya 1889 ina kichwa kidogo na kichwa kikubwa, na kile kidogo ndicho adimu. Shilingi ya 1893 ya sura ya uzee ina herufi ndogo na herufi kubwa upande wa kichwa, na ya 1895 ina ua la waridi dogo na kubwa. Sarafu ya peni sita ya 1887 yenye ngao iliondolewa haraka kwa sababu ilifanana na nusu sovereini ya dhahabu na wajanja wakaanza kuipaka rangi ya dhahabu. Miongoni mwa hizo za ngao kuna zenye R ya VICTORIA iliyogongwa juu ya V.

Krauni husomwa ukingoni. Za 1893 hadi 1900 zina maneno DECUS ET TUTAMEN na mwaka wa utawala kwa tarakimu za Kirumi. Victoria alirithi kiti tarehe 20 Juni 1837, kwa hiyo mwaka wa utawala ulibadilika katikati ya mwaka wa kalenda, na krauni ya 1893 hupatikana ikiwa na LVI au LVII. Ukisoma mchanganyiko usiowezekana kwa hesabu hiyo, rudia kusoma, kisha rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya saba: thibitisha kwa sarafu ya pili

Sasa rudi kwenye kanuni ya mwanzo. Chora kwenye picha mstari kutoka ukingo wa kulia wa tarakimu ya mwisho hadi meno ya pembeni, uandike unaangukia kwenye jino au kwenye nafasi kati ya meno. Fanya hivyo kwa kila tarakimu. Ongeza nyufa za muhuri, vinundu na mikwaruzo iliyoinuka. Orodha hiyo ndiyo utambulisho wa muhuri wako. Kisha tafuta picha za sarafu ya aina hiyohiyo ambayo tayari imekubalika, katika mikusanyo ya makumbusho kama British Museum au katika kumbukumbu za minada, ulinganishe jambo kwa jambo. Nafasi za tarakimu zikilingana na alama ya tarakimu ya chini ikiwa mahali palepale, umefika. Nafasi zikilingana lakini alama haipo kwenye sarafu ya pili, alama yako ni jeraha, au sarafu ya pili ilipigwa muhuri ukiwa umesafishwa au umechakaa. Tazama nyufa ujue ipi ilitangulia, kwa maana ufa hukua tu na haurudi nyuma. Nafasi zisipolingana, huenda una muhuri mwingine, na hapo unahitaji sarafu ya tatu.

Kuwa mwangalifu hasa na uradidi wa mashine, yaani tarakimu au herufi kuonekana mara mbili kwa sababu ya mashine. Muhuri ukilegea wakati wa kupiga, huburura kingo za tarakimu na kuacha ngazi bapa, iliyo chini kuliko tarakimu yenyewe, ikielekea upande mmoja katika herufi zote za jirani. Uradidi wa panchi una sura ya mviringo, una kingo zake, na mara nyingi huhusu tarakimu au herufi moja tu.

Hatua ya nane: andika ulichokiona

Andika uzito, kipenyo, mwelekeo wa pande, namba ya muhuri kama ipo, nafasi za tarakimu, nyufa, na alama yenyewe kwa maneno ya umbo lake: "mkunjo ulioinuka kwenye kiuno cha 8 upande wa kushoto na ncha ndani ya tundu la juu". Hukumu ifuate baada ya maelezo, na iwe na daraja: hakika, yaelekea, au inashukiwa. Ukiiuza sarafu, mpe mnunuzi picha zilizopigwa kwa mwanga kutoka pande mbili tofauti, na kama daraja lako ni "inashukiwa" bei ibaki ile ya sarafu ya kawaida ya mwaka huo. Ukiinunua, dai mambo hayohayo, na picha ya ukingo pia, hata kama muuzaji hakuiweka.